Matone Siyo Dawa

Saa kumi na moja na nusu jioni nilikuwa bado nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha kupimia pumzi. Foleni ilikuwa imekawia. Tuliobaki tulimsikia kila aliyeingia, maana mlango ulikuwa mwembamba: "Vuta, vuta, vuta... puliza! Endelea, endelea, usiachie!" Kisha kikohozi. Kisha kimya. Kisha tena, "Vuta."

Simu yangu ikalia. Nimeitega ilie mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na nikiisikia sifikiri. Mkono unaingia wenyewe kwenye mkoba. Nikainua uso, nikavuta kope ya chini kwa kidole, nikadondosha tone moja jicho la kulia na jingine la kushoto. Nikapepesa. Nikameza ule uchungu unaofuata kooni.

Nilipoinamisha kichwa, kijana wa vipimo alikuwa amesimama mlangoni na faili langu mkononi.

"Samahani mama, unatia nini hapo?"

"Matone tu, mwanangu."

Hakuniita ndani. Alifungua faili, akatafuta ukurasa, akausoma kwa kidole kutoka juu hadi chini.

"Haya matone yameandikwa humu?"

Hayakuwa yameandikwa.

Wiki kadhaa zimepita tangu jioni ile. Neno linaloninyima usingizi si lile la kitabibu nililoambiwa siku mbili baadaye na mtaalamu wa mapafu. Ni lile nililolitamka mwenyewe pale kwenye benchi.

Tu.

## Miezi kumi na moja, kwa ufupi

Mnaosoma blogu hii mnakijua kikohozi changu, maana nimekilalamikia hapa vya kutosha. Kikavu, hakina makohozi ya maana. Kifua kinabana. Nikipanda ngazi kinapiga mluzi mwembamba, kama birika ambalo maji yake yanakaribia kuchemka.

Madaktari huhesabu wiki. Kikohozi cha mtu mzima kikivuka wiki 8 kinaitwa sugu, na hapo ndipo msako huanza rasmi. Picha ya kifua ilikuwa safi. Kifua kikuu kilitafutwa, hakikuonekana. Sivuti sigara. Wakabaki wale watatu ambao kila daktari huanza nao: ute unaotiririka kutoka puani kwenda kooni, pumu, na tindikali inayopanda kutoka tumboni.

Nikatibiwa wote watatu kwa zamu. Dawa ya kupuliza puani, wiki sita. Vidonge vya kupunguza tindikali, miezi miwili, na kitanda kikainuliwa upande wa kichwani hata nikawa naamka nimeteremka miguuni. Halafu inhela, kile kikopo cha dawa ya kuvuta kwa mdomo.

Inhela ndiyo iliyotuchanganya sote, kwa sababu ilisaidia. Ilisaidia kidogo. Nilimweleza daktari kwamba ni kama kusukuma mlango ambao upande wa pili kuna mtu anausukuma pia. Akatabasamu, akaandika: nafuu kiasi.

Pia akaandika "pumu" na mbele yake akaweka alama ya kuuliza. Niliiona kwa macho yangu. Ziara iliyofuata nilionwa na daktari mwingine, na kwenye ukurasa mpya palikuwa na neno lilelile bila alama ya kuuliza. Sidhani kuna mtu aliyeifuta. Nadhani mtu alinakili kwa haraka, na kialama kidogo kikabaki nyuma kwenye karatasi ya zamani.

Tangu hapo hakuna aliyeuliza nina nini. Waliuliza pumu yangu inaendeleaje.

## Daftari

Kwa kuwa hawakuuliza, nikaanza kujiuliza mwenyewe. Nilinunua daftari, nikalipigia mistari: saa, mahali, vumbi, harufu, baridi, kicheko, ngazi. Niliandika manukato ya mtu niliyepanda naye lifti. Niliandika moshi wa mshumaa. Kuna ukurasa nimeandika "nimekasirika" na chini yake "sijakohoa", nikauwekea mstari kana kwamba nimegundua kitu.

Na kitu kilikuwepo kweli. Baada ya wiki tatu za kuandika nikaona kwamba kikohozi kina ratiba. Saa moja asubuhi, saa moja jioni, au mbele kidogo ya hapo, kifua kinabana na kubaki kimebana kwa muda mrefu. Katikati ya mchana kunakuwa na unafuu.

Nikajieleza vizuri sana: ni hewa. Jua likichomoza na jua likizama, hewa hubadilika, na mirija yangu haipendi mabadiliko. Nadharia ilikuwa nzuri, ina mantiki, hata ina ushairi ndani yake. Nikaanza kujifunga skafu shingoni mara mbili kwa siku.

Katika safu zote saba za daftari hapakuwa na safu ya kitu ninachokifanya mwenyewe. Niliandika yote yanayonijia kutoka nje. Simu ililia mara mbili kwa siku, nikainua uso mara mbili kwa siku, kisha nikaketi kungoja hewa ibadilike.

Kipindi kile ndipo mtu wa karibu sana nami aliponiambia, kwa upole, kwamba huenda ni mawazo. Iliniuma, lakini sikuwa na jibu, na kusema haki wazo lenyewe si la kipuuzi. Wasiwasi hubadilisha pumzi kweli. Kuna watu wanaovuta pumzi ndefu kila dakika chache, wanahisi hewa haifiki chini, na mapafu yao hayana kasoro yoyote. Nilijichunguza kwa siku kadhaa nikitafuta huzuni iliyojificha. Nilizipata mbili tatu, nani hana? Hazikuwa na ratiba ya saa moja na saa moja.

## Mtu anayekohoa usiku husoma

Sitawadanganya kwamba nilisoma kwa busara. Wiki ya kwanza nilishajizika: mapafu yanayogeuka kovu, yale ambayo daktari akiweka chombo mgongoni husikia mlio kama wa kibandiko kinachobanduliwa taratibu. Nilikuwa navuta pumzi kitandani huku nikisikiliza. Kila shuka lililokwaruza lilikuwa hukumu.

Halafu nikakutana na Chevalier Jackson, na hofu ikageuka udadisi.

Alikuwa daktari wa koo na njia za hewa huko Philadelphia, Marekani, na kazi yake kubwa ilikuwa kutoa vitu ambavyo watu walivimeza au kuvivuta pumzini: pini, vifungo, mifupa, sarafu, vipande vya vitu vya kuchezea. Hakuvitupa. Alivihifadhi vyote, zaidi ya 2,000, na leo vimepangwa kwenye droo za makumbusho ya Mütter mjini humo. Kabla yake, mwaka 1897, Gustav Killian wa Freiburg huko Ujerumani alikuwa ameshapitisha mrija ndani ya njia ya hewa ya mkulima mmoja akachomoa mfupa, na huo ndio mwanzo wa bronkoskopi.

Jackson ndiye anayesifika kwa onyo kwamba si kila kifua kinachopiga mluzi kina pumu. Onyo hilo halikutoka kwenye nadharia; droo zake zilikuwa zimejaa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba jambo hili huwapata watu wazima na wakasahau. Unapaliwa, unakohoa, watu wanakupiga mgongoni, unafuta machozi, maisha yanaendelea. Kitu kimekwishateremka, mara nyingi upande wa kulia, kwa sababu mrija mkuu wa kulia ni mpana na umenyooka zaidi kuliko wa kushoto. Mbegu, kipande cha mfupa, kipande cha jino. Kinaweza kukaa miaka. Mwenye nacho hutibiwa pumu, au nimonia inayorudi na kurudi pafu lilelile, mahali palepale.

Niliketi kitandani saa nane usiku nikijaribu kukumbuka kila kitu kilichowahi kunipalia tangu utu uzima. Nikakumbuka jino lililozibwa ambalo kizibo chake sikukiona kilikokwenda. Asubuhi nikampigia daktari wa meno. Alikuwa na subira sana.

Baada ya meno, nikahamia masikio. Usicheke. Neva ndefu ya vagasi, inayohusika na kukohoa, ina kitawi kinachofika kwenye tundu la sikio. Kinaitwa kwa jina la Friedrich Arnold, mwanaanatomia Mjerumani wa karne ya 19. Ndiyo maana baadhi ya watu wakisafisha masikio hukohoa. Nta iliyoganda, au unywele mmoja uliolala juu ya ngoma ya sikio, vimewahi kumfanya mtu akohoe kwa miezi, na tiba yake ikawa kuutoa unywele.

Nikaenda kuoshwa masikio. Nilitoka nasikia vizuri ajabu, hata kikohozi changu nikawa nakisikia vizuri zaidi.

Kisha ndege. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote, na bado nadhani ni sura ya kutisha kwa namna yake, kwa kuwa adui hana sura ya adui. Watu wanaofuga njiwa au kasuku wanaweza kupata uvimbe wa mapafu unaoletwa na protini za manyoya na kinyesi. Vivyo hivyo wakulima na ukungu wa nyasi kavu. Vivyo hivyo mwenye chombo cha kutia unyevu hewani ambacho maji yake hayabadilishwi. Hata wapigaji wa ala za kupuliza wameugua kwa ukungu uliomea ndani ya ala. Na kinachoficha chanzo ni saa: dalili nyingi huja saa kadhaa baada ya kugusana na kitu chenyewe, mara nyingi 4 hadi 8. Unasafisha kizimba asubuhi, homa na kubanwa kifua vinakuja jioni. Nani atamshuku njiwa wa asubuhi?

Niliposoma hayo niligeuka nikautazama mto niliokuwa nimeuegemea.

Wa manyoya.

Ulilala nje ya chumba usiku ule. Nikaanza kulalia shuka lililokunjwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikaona nimepata. Uzuri wa nadharia ya mto ni kwamba ilinipa mtu wa kulaumu asiyekuwa mimi wala daktari. Siku sita baadaye ndipo nilipokwenda kwenye kile kipimo cha kupuliza.

## Neno lenyewe

Siku mbili baada ya benchi, mtaalamu wa mapafu aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Alisukuma faili pembeni akasema: "Mama, nisimulie siku yako moja. Kuanzia unapofumbua macho. Kila unachomeza, unachopaka, unachovuta, unachotia."

Kijana wa vipimo alikuwa ameshamwambia, naelewa. Hata hivyo aliuliza hivyo, na niliposikia vitenzi vile vinne nikaelewa nilichokifanya.

Kwa miezi kumi na moja, kila ziara, niliulizwa: "Kuna dawa yoyote nyingine unatumia?" Na kwa miezi kumi na moja nilijibu: "Hapana." Sikuwa nadanganya. Ukiniweka kizimbani leo nitaapa kwamba sikuwa nadanganya.

Tazama tunavyosema. Dawa tunakunywa, hata ikiwa kidonge kigumu kama kokoto, bado "nimekunywa dawa." Au tunachomwa. Dawa ina mdomo au ina mshipa. Kinachopakwa ni mafuta. Kinachotiwa jichoni ni matone. Ukiwa na kikohozi utasema uko kwenye dawa. Ukiwa na matone utasema una matone.

Na cha ajabu ni kwamba neno lenyewe si la uchoyo hata kidogo. Tuna dawa ya meno. Tuna dawa ya mbu. Tuna dawa ya viatu! Neno linalokaribisha hata rangi ya kung'arishia ngozi ya kiatu, kichwani mwangu likayafungia mlango matone yaliyoandikwa na daktari, yakatiwa muhuri na mfamasia, na kuamriwa mara mbili kwa siku.

Aliyeuliza alikuwa na neno moja na mimi nilikuwa na jingine, na yote mawili yanaandikwa d-a-w-a.

## Njia ya tone

Nina presha ya macho, yaani glakoma. Haina maumivu, haina wekundu. Inakula neva ya jicho kimyakimya na kinacholiwa hakirudi. Niligunduliwa mapema, nikapewa matone ya timololi. Ni dawa ya zamani na ya kuaminika, imetumika machoni tangu mwaka 1978, na kwa macho yangu ilifanya kazi yake vizuri.

Timololi ni ndugu wa vidonge vinavyotuliza mapigo ya moyo, ule ukoo wa dawa uliomletea James Black, daktari wa Uskoti, sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 1988. Kazi ya ukoo huu ni kukalia vipokezi vinavyoitwa vya beta, sehemu za seli zinazopokea ujumbe, ili adrenalini, homoni ya mwili ya hofu na haraka, isivifikie. Kwenye jicho, hilo hupunguza maji yanayotengenezwa ndani na presha inashuka. Lakini vipokezi vya ukoo huohuo viko pia kwenye misuli inayozunguka mirija ya mapafu, na kule kazi yao ni kuilegeza mirija ibaki wazi.

Swali langu la kwanza kwa daktari lilikuwa la kipumbavu na ninajivunia kuliuliza: tone la jichoni linafikaje kifuani?

Akaniuliza kama huwa nasikia uchungu kooni baada ya kutia.

Kila siku. Kila siku, mara mbili, kwa zaidi ya mwaka mmoja, nimeumeza ule uchungu. Kwenye kona ya ndani ya jicho kuna kitundu ambacho machozi hupitia kushukia puani. Ndiyo sababu anayelia hupenga kamasi. Sehemu kubwa ya tone hufuata njia hiyohiyo. Likifika puani linanywewa na utando uliojaa mishipa midogo ya damu, na kutoka hapo linaingia kwenye mzunguko wa damu moja kwa moja bila kupitia ini kwanza, tofauti na kidonge ambacho ini hukipunguza nguvu kabla hakijafika mbali.

Tone moja la timololi ya asilimia 0.5 lina robo miligramu hivi. Kichekesho cha kiasi. Kwa watu wengi haliwafanyi lolote. Kwa mwenye mirija ya hewa yenye wepesi wa kubana, linatosha.

Na inhela yangu? Ile ya buluu, salbutamoli, hufanya kazi kwa kubonyeza vipokezi vilevile vya beta ili mirija ifunguke. Vilevile ambavyo timololi ilikuwa imeshavikalia. Nilikuwa nasukuma mlango kwa mdomo na kuuzuia kwa macho.

Nilimkumbusha daktari kwamba nilishausema ule mfano wa mlango, uko mahali fulani kwenye faili. Akautafuta. Alikuta "nafuu kiasi".

Hapa naomba nikae kwenye njia yako kwa sekunde moja kabla hujaenda kutupa kichupa chako. Usikiache mwenyewe. Upofu wa glakoma ni wa kudumu, na kuna aina nyingine za matone ambazo daktari wa macho anaweza kukubadilishia. Mimi sikuacha hata siku moja bila matone: barua ilitoka kwa daktari wa mapafu kwenda kwa daktari wa macho, na dawa ya ukoo mwingine ikaanza jioni ileile ambayo timololi iliisha. Nilifundishwa pia jambo ambalo sikuwa nimewahi kufundishwa, kwamba ukishatia tone, funga jicho na ubonyeze ile kona ya ndani kwa kidole kwa dakika moja au mbili. Ule uchungu wa kooni hupungua sana.

## Mafaili mawili

Nimejaribu kukasirika na mtu, na kila ninayemkaribia ananiponyoka.

Kliniki ya macho iliniuliza kabla ya kuniandikia: "Una pumu?" Nikasema sina, na siku ile sikuwa nayo. Kikohozi kilianza kama wiki sita baadaye. Kliniki ya kifua iliniuliza kuhusu dawa, nikasema hapana. Kila upande uliuliza swali sahihi. Faili la macho halikujua kwamba sasa nina neno "pumu", na faili la kifua halikujua kwamba nina macho.

Mtaalamu wa mapafu anaamini pia kwamba matone hayakuumba kitu pasipo na kitu. Yaliufichua wepesi wa kubana uliokuwepo umelala. Kwa hiyo yule daktari wa kwanza aliyeandika "pumu" na alama ya kuuliza hakukosea. Ningeweza kumkumbatia kwa ile alama.

Mwaka 1700, huko Modena, Italia, daktari Bernardino Ramazzini aliandika kwamba maswali ambayo madaktari wamerithi kutoka kwa Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, hayatoshi, na akaongeza moja: unafanya kazi gani? Magonjwa ya wachonga mawe na wapeta nafaka yalikuwepo karne nyingi kabla yake, yakikohoa mbele ya madaktari waliokuwa hawajauliza hilo. Ninapofikiria vile vitenzi vinne, unachomeza, unachopaka, unachovuta, unachotia, naviweka karibu na swali la Ramazzini.

Baadaye nilirudi kwenye lile benchi mara mbili kwa vipimo vya kulinganisha, na sasa nilikuwa mdadisi asiye na haya. Mama mmoja alikuwa amekohoa miezi mitano kwa sababu ya vidonge vya presha ya damu vya ule ukoo ambao majina yake huishia na "-prili", kama kaptoprili na enalaprili; kikohozi hicho kinajulikana sana, madaktari wengi hukishuku mapema, na bado yeye alikuwa ameanza vidonge miezi kadhaa kabla ya kikohozi hivyo hakuna aliyeviunganisha. Alibadilishiwa, akangoja wiki tatu, kikakoma.

Kijana mmoja, mwimbaji, alikuwa ametibiwa pumu kali kwa miaka miwili. Nyuzi zake za sauti zilikuwa zinafunga wakati wa kuvuta pumzi badala ya kufunguka. Mlio ulitoka kooni, sio kifuani, na ulikuja anapoingiza hewa, sio anapoitoa. Hakuna inhela inayofika huko. Tiba yake ilikuwa kujifunza upya kupumua, kwa mtaalamu wa mazoezi ya sauti. "Mimi!" aliniambia, akijigonga kifua, "mtu wa pumzi!"

## Mto

Sasa nije kwenye sehemu ambayo inanifanya nisitangaze ushindi kwa sauti kubwa.

Niliutoa mto wa manyoya wiki moja kabla ya kubadilisha matone. Kwa hiyo kifua kilipoanza kulegea, washukiwa wawili walikuwa wameondoka karibu pamoja. Mluzi wa ngazini ulikoma siku ya nne baada ya timololi. Kibomba cha plastiki ninachopuliza nyumbani kupima kasi ya pumzi, ambacho kwa miezi kilikuwa kinanipa lita 290 au 300 kwa dakika, kilipanda hadi 370 na kukaa hapo. Kikohozi chenyewe kilichukua karibu wiki tano kuisha, kikipungua kama mvua inayokata tamaa.

Daktari hakukubali nirudie matone ili tuone. "Kipimo hicho hatukifanyi," alisema, na sura yake haikuwa ya mjadala. Lakini kuhusu mto hakunizuia.

Basi nikaurudisha. Nililala juu ya manyoya wiki mbili nzima, nikipuliza asubuhi na jioni. 370. 360. 375. Usiku wa kwanza nilikohoa sana, nikakaa kitandani moyo ukinidunda, kisha nikagundua kwamba nilikuwa nakohoa kwa woga. Usiku wa pili nililala.

Mto hauna hatia. Nimeuomba radhi kwa kuufulia foronya.

Ila lile daftari siwezi kulitazama bila uso kuniwaka. Kurasa sitini na kitu za saa moja na saa moja, na mimi nimefunga skafu.

## Fomu

Wiki iliyopita nilikuwa kliniki ya macho kupimwa presha baada ya kubadilisha matone. Presha iko sawa. Kabla ya kuingia walinipa fomu ya kusasisha taarifa, karatasi moja, kalamu imefungwa kwa uzi.

Katikati palikuwa na swali: "Je, unatumia dawa yoyote? Kama ndiyo, taja." Na chini yake mstari mmoja mfupi.

Nikaandika inhela ya buluu. Nikaandika matone mapya, jina lake na nguvu yake. Nikakumbuka vidonge vya tindikali ambavyo bado vimo kwenye mkoba na mara mojamoja huvimeza. Nikakumbuka ile dawa ya kupuliza puani. Nikakumbuka mafuta ya goti, ambayo ni mafuta tu.

Mstari ulikuwa umeisha. Nikaigeuza karatasi, nikaendelea nyuma.